Ampli Ndogo na Betri ya Nyumba

Mdogo wangu aliingia Nyangwe magharibi ikiadhiniwa, vumbi la Kabambare bado limemkaa kwenye nyusi, gitaa mgongoni na kifuko kidogo kifuani. Gitaa tulikuwa tunalijua. Kifuko ndicho kilichotushangaza, kwa namna alivyokikumbatia. Alikuwa amepanda treni Dar es Salaam hadi Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika, kisha akabebwa na pikipiki moja baada ya nyingine kupitia Kabambare na Kasongo, na siku zote hizo hakukubali kifuko kifungwe kwenye keria. Ni upande ule ule ilikotokea misafara ya zamani ya Ujiji, na mtu akifika kwetu kwa njia hiyo, nyumba nzima hukusanyika kuona alichobeba.

Alichobeba kilikuwa kisanduku cha chuma, urefu wake kama daftari la shule, unene kama mche wa sabuni.

"Hii ndiyo ampli, Yaya," akaniambia.

"Yote?"

"Yote."

Mama akakipima kwa kiganja na kusema hakifiki kilo. Kila mtu kwetu anazijua ampli za bendi, masanduku ya kubebwa na watu wawili. Kikapita mkono hadi mkono mpaka kikamfikia Bibi, aliyekuwa mkekani na tasbihi yake. Akakigeuza, akachungulia matundu ya ubavuni, akauliza, "Kina lampu?"

"Kina moja, Bibi."

"Basi kikiwashwa kisiguswe papo hapo. Kingojwe kipate moto."

Sote tukamgeukia. Babu, enzi za Wabelgiji, alikuwa dereva wa lori la pamba, na alikuwa na redio ya lampu. Bibi ndiye aliyeifuta vumbi na kuizima usiku, na anakumbuka mpaka leo jinsi ilivyokaa kimya kwanza, ikanguruma kwa ndani kama mzinga wa nyuki, kisha sauti ya mtu ikaja taratibu kana kwamba anatokea mbali. Vijana waliozaliwa na simu mkononi hawana habari na kungoja huko. Bibi anako.

Mdogo wangu alikuja kwa ajili ya harusi ya dada yetu wa mwisho, na alikuja na siku tisa mkononi. Baba, Mungu amrehemu, alitulea kwa sauti ya Remmy Ongala, mwana wa Maniema kama sisi, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947, akaenda Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila mpaka Watanzania wakamfanya wao, na wao ndio waliomzika Desemba 2010. Mdogo wangu alifuata njia hiyo bila kutuficha sababu. Anapiga gitaa la pili, lile la kati tunaloliita misolo, linaloshona wimbo wakati gitaa la solo linajionyesha. Kazi ya namna hiyo inataka ampli inayosikia kidole. Ndiyo maana alihangaikia lampu.

Usiku ule alinifungulia kifuniko kwa bisibisi ili nione. Lampu yenyewe ni kichupa cha kioo, kirefu kama kidole gumba, kina miguu tisa ya chuma, na kwenye kioo pameandikwa 12AX7. Watu wa Ulaya huiita ECC83, ni ile ile. Ndani hakuna hewa. Kuna waya unaopashwa moto, na kimrija kinachouzunguka kikipata joto hurusha chembe za umeme. Upande wa pili kuna bamba linalozivuta, na katikati wavu mwembamba. Mtetemo wa nyuzi za gitaa hufika kwenye huo wavu ukiwa dhaifu kabisa. Wavu hubana na kulegeza njia kwa kuufuata mtetemo, na kinachofika kwenye bamba ni mtetemo ule ule, ila sasa una nguvu. Ukigusa nyuzi kwa upole, sauti hubaki safi. Ukizikandamiza, sauti inajaa, haichaniki ghafla. Baadaye, spika ilipopatikana, nilizipiga nyuzi mwenyewe, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, nikaisikia tofauti ile bila kuelezwa.

Na mbona ndogo hivi? Ampli za zamani zilikuwa nzito kwa sababu ya transfoma, chuma kilichozungushiwa waya wa shaba, na kwa sababu lampu zilifanya kazi yote, mpaka ya kusukuma spika. Hizi za siku hizi zinaiachia lampu kazi ya mbele tu, pale inapokutana na kidole, na msukumo wa mwisho unafanywa na transista ndogo zisizopoteza umeme mwingi kwa joto. Kampuni za Korg na Noritake zilitangaza hata lampu bapa, Nutube, mwaka 2015, inayokula umeme kidogo sana. Ya mdogo wangu ina kioo cha kawaida, wati 20, na adapta ya volti 15. Kwenye jukwaa anaiweka sakafuni kando ya mguu, pamoja na vikanyagio vyake. Nyumbani anaipunguza mpaka mtoto aliyelala haamki.

Hiyo adapta ndiyo iliyotuingiza matatani, kwa sababu kwetu hakuna umeme wa ukutani. Kuna sola moja ya wati 50 juu ya bati, kuna betri ya gari, na kuna konvetisa ya kuupandisha umeme wa betri. Na betri hiyo ni yangu. Nachaji simu za watu, mia tano ya faranga kwa simu, na humo ndimo mnamotoka chumvi, daftari za watoto na dawa za Bibi za presha. Kwa hiyo mdogo wangu alipochomeka adapta kwenye konvetisa yangu usiku wa kwanza, nilifurahi kwa nusu saa, kisha nikaanza kuhesabu. Ampli pamoja na hasara ya konvetisa inakula kama wati 35. Saa tatu za mazoezi ni umeme wa simu kumi. Sola yangu siku ya jua zuri inaleta wa simu ishirini, na siku ya mawingu hata nane hazifiki.

Nilimwambia. Hakubisha, ila uso ulimshuka. Mama akaingilia kati: "Kwani Mwenda Jean Bosco alikuwa na betri?" Ni kweli. Mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, gitaa kavu na sauti yake tu, na Katanga nzima ikamfahamu. Mdogo wangu akajibu kwa adabu kwamba Bosco alizungukwa na watu wanaonyamaza, na sisi tunaalika ukoo mzima pamoja na ngoma zao. Hilo nalo ni kweli. Tukapatana: mazoezi saa moja kila usiku, simu za wateja kwanza.

Kulikuwa na neno jingine. Ampli isiyo na spika ni kisanduku cha chuma tu, na spika hakuibeba. Akalikumbuka bafle la Baba, lile sanduku la mbao la spika lililobaki peke yake tangu pacha wake aliwe na mchwa. Lilikuwa nyuma ya jiko na kuku ameliingia kwa mbele, palipotoka wavu, akatagia ndani. Mama hakuruhusu kuku aondolewe siku ile, kwa kuwa mayai yalikuwa karibu kuanguliwa. Tukangoja siku mbili, vifaranga saba wakatoka, kuku akahamishiwa kapuni, na bafle likaletwa uani, tukalisugua kwa majivu.

Koni ya spika ni karatasi ngumu, na panya walikuwa wameitafuna ukingoni, mwanya wa upana wa vidole viwili. Hapa ndipo nilipomwona mdogo wangu akifanya kazi kama alivyofanya Baba. Alichana karatasi nyembamba ya pakiti ya majani ya chai vipande vidogo, akakoroga unga wa muhogo kwa maji ya moto mpaka ukawa gundi inayovutika, akapaka kwa ncha ya unyoya, akabandika kipande juu ya kipande, nje na ndani, kila kimoja kikisubiri kilichotangulia kikauke. Asubuhi nzima. Kisha akaisukuma koni kwa vidole vyote vitano sawasawa, akaisikiliza kama inakwaruza. Haikukwaruza. Tulipoiunganisha, sauti ilikuwa nzito kidogo upande wa chini, na mimi ndivyo nilivyoipenda.

Zikiwa zimebaki siku mbili, baba mdogo aliamua kutusaidia. Aliona haya, alisema, harusi ya mtoto wa marehemu kaka yake kutegemea betri ya kuchaji simu. Akaazima jenereta kwa jirani. Tulitandaza waya, tukawasha taa nane uani, tukachomeka na friji ndogo ya soda iliyoazimwa pia, na mdogo wangu akachomeka adapta yake. Ikapendeza. Watoto walicheza mpaka wakaanguka. Halafu mtu mmoja akachomoa friji ili aisogeze, na jenereta, baada ya kutuliwa ule mzigo, ikapandisha mlio. Taa zikawa nyeupe kama radi. Mbili zikakatika. Ukasikika mlio kama bisi kwenye sufuria, ikafuata harufu ya plastiki iliyoungua, na gitaa likanyamaza katikati ya wimbo.

Tulikuja kujua kwamba springi ya kile kifaa kinachoizuia injini kukimbia ilishakatika, na mahali pake pamefungwa kipande cha mpira. Bila mzigo, mita ilisoma volti 310, kwa kitu kinachotakiwa kutoa 220.

Mdogo wangu alikaa chini, ampli mapajani, hasemi. Baba mdogo alisimama na tochi mkononi, jasho linamtoka, na nilimhurumia kuliko mtu yeyote, kwa sababu alilitenda kwa mapenzi. Mama akazima taa zilizobaki. Bibi akaingia ndani. Tukamsikia akifungua sanduku lake la bati, lile lisilofunguliwa ila kwa kifo au kwa harusi, na akatoka na kitu kimefungwa kwa kipande cha kaniki. Akakifungua kwenye mwanga wa tochi. Lampu. Kioo chake kimefifia, na ndani, juu, kuna doa la fedha kama kioo cha kujitazamia.

"Ya redio ya babu yenu," akasema. "Nilitoa moja kabla hawajaiuza. Mtilie."

Mdogo wangu aliipokea kwa mikono miwili. Akaihesabu miguu, nane. Ya ampli ina tisa. Akamwambia ukweli, kwa sauti ya chini, kwamba haitaingia. Bibi akaitikia kwa kichwa, akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria: "Na huyo wa kwako anakula nini? Redio ya babu yako haikuwa na mashine hizi za kupiga kelele. Ilikuwa inakula betri ya lori. Waya mbili tu."

Asubuhi na mapema tulikuwa kwa fundi wa redio sokoni. Nyangwe ni mji wa soko tangu kabla Livingstone hajafika Machi 1871. Wanawake walivuka Lualaba kwa mitumbwi kuja kuuza, na tarehe 15 Julai mwaka huo wengi wao walipigwa risasi wakiwa wanauza, au wakazama wakikimbilia mtoni. Bibi hapiti karibu na maji siku ya soko bila kuwaombea. Fundi wetu ana meza ndogo, pasi ya kulehemu anayoipasha kwenye mkaa, na mita ya mkononi. Aliifungua adapta, akatunusisha: imekwisha. Akaifungua ampli, akaichomoa lampu, akagusa mguu wa nne na wa tano kwa ncha za mita. Sindano ikacheza. "Waya wa moto haujakatika," akasema. Adapta ilikufa ikaikinga ampli.

Nikamwambia maneno ya Bibi. Akacheka kwa furaha, akachukua kipande cha boksi na kalamu. Betri ya gari, akasema, ni vyumba sita, na kila chumba kikijaa kinatoa volti 2.1. Akazidisha: 12.6. Kisha akaandika moto ambao lampu ya 12AX7 imetengenezwa iutake ukiunganisha nyaya zake mbili za moto kwa kufuatana: 12.6. Ukiziunganisha kwa sambamba ni 6.3, vyumba vitatu, betri ya gari za zamani. Lampu hizi zilipewa vipimo hivyo tangu enzi za redio za kwanza za magari, na mafundi wa gitaa walizikuta hivyo. Tulikuwa tumechukua umeme wa volti 12 wa betri, tukaupandisha kwa konvetisa hadi 220, tukaushusha kwa adapta hadi 15, na kila hatua ikila yake, kwa kitu ambacho jamaa zake waliwahi kula betri moja kwa moja.

Ampli ilitaka 15, lakini mdogo wangu alijua kwa mwenzake wa Dar kwamba aina ile inavumilia 12. Fundi akakata waya wa adapta iliyokufa, akatazama mchoro wa duara na nukta ulioko nyuma ya kisanduku, akahakikisha mara tatu kwamba nukta ya kati ni chanya, akalehemu vibanio viwili vya betri, chekundu na cheusi, na kwenye chekundu akatia fyuzi ya ampea 3. "Mkigeuza, fyuzi ndiyo ife," akasema. Hakutaka pesa kamili. Alitaka kualikwa.

Nguvu ilipungua, ndiyo. Kwa volti 12.6, wati 20 zinakuwa kama 14. Sikio halikulalamika. Na ule mngurumo wa konvetisa uliokuwa ukitufuata kila usiku, ambao mdogo wangu alidhani unatoka kwenye spika ya kuku, haukuwepo tena.

Ndoa ilifungwa asubuhi. Upande wa bwana harusi ulivuka mto kwa mitumbwi mitano, wakapanda ukingoni wakiimba, na shangazi zetu wakawapokea kwa vigelegele na maji ya kunawa. Baada ya isha, turubai likajaa. Siku mbili sikuchaji simu hata moja ili betri ishibe. Niliwaeleza wateja sababu, na wote walikuja na simu zao zimezima mifukoni, wakacheza. Nilikaa nyuma ya bafle na mita ya fundi mkononi. Saa mbili: 12.5. Saa tatu na nusu: 12.3. Taa zetu nazo zilikuwa zikinywa humo humo. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa kama anavyofanya, vidole havionekani, na wapiga ngoma wa ukoo wa mama wakawa wameshampata. Hakuna aliyekuwa anamfuata mwenzake tena. Ilikuwa kitu kimoja.

Saa tano kasoro, mita ikasoma 11.9. Betri ya aina hii ukiinyonya zaidi ya hapo mara nyingi, haipokei tena chaji kama zamani. Nilimtazama mdogo wangu, na yeye akanitazama, na nikang'oa kibanio. Gitaa likakatika. Watu wakaguna. Mama alinijia moja kwa moja, "Mwanangu, nyimbo mbili tu, kwa ajili ya dada yako," na nikamwambia, "Mama, betri hii ndiyo dawa za Bibi," na machozi yalikuwa yananilenga, kwa kuwa hakuna mtu uani pale aliyetaka zile nyimbo mbili kuliko mimi.

Shemeji mmoja wa upande wa bwana harusi, ambaye kazi yake ni kubeba watu kwa pikipiki, ndiye aliyeamka bila kuitwa. Pikipiki aliivusha kwa mtumbwi pamoja na mahari. Akaisukuma mpaka nyuma ya migomba, akafungua ubavu, betri yake ikaonekana, ndogo kama tofali la mtoto. Fundi akaja mbio na waya mnene. Injini ikawashwa, ikatulia kwenye mlio wa chini, mita ikasoma 14.1. "Usiikoleze," fundi akamwambia shemeji, "ishike hivyo hivyo." Tukabana vibanio. Tukangoja. Bibi alikuwa amesogezwa karibu na kiti chake, akaweka kiganja juu ya kisanduku, akakaa nacho hivyo mpaka akahisi kinapata joto, na yeye ndiye aliyempa mdogo wangu ishara kwa kidole.

Sauti ilirudi ikiwa kubwa kuliko mwanzo. Kulikuwa na mluzi mwembamba wa injini ndani yake, na hakuna aliyeusikia ila sisi tuliojua. Shemeji alisimama migombani mpaka saa nane za usiku, mkono kwenye kishikio cha mafuta, akicheza kwa mabega tu.

Betri yangu ilihitaji siku tatu za jua kurudi 12.6. Mdogo wangu hakukaa bure siku hizo, alitafuta faranga na kunilipa simu nilizokosa, nikachukua nusu, ile nusu tukaiweka pembeni kwa ajili ya betri ya pili. Alipofunga safari, alikitia kisanduku kifukoni na vibanio vyake vyekundu na vyeusi. Bibi akamwita, akampa tena kile kipande cha kaniki.

"Bibi, haiingii," akamwambia. "Ina miguu nane."

"Nimesikia. Kwani nimekuambia uitie? Chukua."

Akafungua sehemu ya gitaa anapoweka nyuzi za akiba, akailaza humo.